Kitufe kimoja tu: uchambuzi wa ahadi iliyovunjika saa 3:46 usiku

Asubuhi karatasi ilikuwa bado imebandikwa chini ya skrini. Herufi kubwa za kalamu, zimepigiwa mstari mara mbili: SAA NNE KAMILI NAZIMA. Aliyeiandika ni kijana wa miaka 19, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, na aliiandika kwa moyo wake wote. Hakuna aliyemshikia fimbo. Alikuwa na mtihani wa marudio saa mbili asubuhi. Alizima saa 9:10 usiku, na alipoamka karatasi za majibu zilikuwa zimeshakusanywa.

Mama yake alisimama mlangoni, akamtazama, kisha akamuuliza: "Mwanangu, unashindwa nini kubonyeza kitufe kimoja tu?"

Hakujibu. Si kwa jeuri. Alilitafuta jibu akalikosa, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko mtihani wenyewe.

Niseme mapema kwamba kijana huyu si mtu mmoja unayeweza kumtafuta ukamkuta. Ni kisa cha mfano, nimekijenga kifanane na jinsi uraibu wa gemu unavyojitokeza kwa vijana wengi. Lakini swali la mama ni swali halisi, na katika nyumba nyingi huulizwa kama lawama. Mimi nalichukua kama swali linalostahili jibu. Kubonyeza kitufe kimoja kunahitaji nini ndani ya ubongo, na usiku ule kilikosekana nini?

Alikotoka

Alianza gemu akiwa na miaka 11, kama wenzake, saa moja au mbili baada ya shule. Hakuna lililoharibika. Mambo yalibadilika alipofika miaka 16 na kuingia kwenye mchezo wa timu wa mtandaoni: watano dhidi ya watano, mechi moja dakika 25 hadi 40, na mwisho wa kila mechi alama zako zinapanda au zinashuka mbele ya macho ya wote. Ndani ya miaka miwili mpira aliuacha. Marafiki wakapungua, wakabaki wale wa kwenye hedifoni. Chakula kikawa kinapoa kando ya kibodi. Akaanza kudanganya kuhusu saa anazocheza, na hata hakuwa anapanga kudanganya. Ulimi ulikuwa unatangulia. Mwaka wa kwanza wa chuo alifeli masomo mawili. Aliapa kuacha mara mbili: mara ya kwanza alidumu siku 9, mara ya pili siku 4.

Ukoo ukatoa hukumu. Mjomba alisema kijana hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Baba alisema ajikaze kisabuni. Dada yake mkubwa alisema ni uvivu uliovaa nguo nyingine. Kila mmoja alisema kwa uchungu wa kweli, na wote walidhani tatizo ni kwamba kijana hajui au hataki. Nami nitasema wazi ninavyoona: alijua, tena alitaka. Kisa hiki hakieleweki mpaka ukubali hilo kwanza.

Je, ni ugonjwa au ni mazoea mabaya tu? Shirika la Afya Duniani liliingiza uraibu wa michezo ya video katika ICD-11, orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoidhinishwa Mei 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Kinachoangaliwa hapo ni kama mtu ameshindwa kuudhibiti uchezaji wake, kama mchezo umepewa nafasi mbele ya mambo mengine ya maisha, na kama anaendelea au anazidisha ingawa madhara anayaona. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12, na iwe imeharibu kweli masomo, kazi, familia au afya. Idadi ya saa haimo. Yupo anayecheza saa nyingi na maisha yake yamenyooka, na yupo anayecheza chache huku kila kitu kinabomoka. Wengi wanaocheza hawana tatizo hili kabisa: utafiti wa Andrew Przybylski na wenzake wa mwaka 2017, uliohusisha Marekani, Uingereza, Kanada na Ujerumani, ulikuta kwamba wanaoweza kuingia katika kundi la waraibu hawazidi kiasi cha asilimia 1 ya watu. Kijana wetu yumo katika hao wachache.

Usiku wenyewe

Hapa nataka twende polepole, dakika kwa dakika.

Alikaa saa 1:30 jioni, karatasi ipo mbele yake. Akacheza mechi nne, akashinda mbili. Saa 3:46 mechi ya tano iliisha kwa kufungwa, na kufungwa kwenyewe kwa chembe. Ngome ya wapinzani ilikuwa imebakiza uhai kidogo, kijistari chekundu chembamba kama uzi, ndipo ya kwao ikaanguka. Skrini ikageuka kijivu. Mara, kwa mpigo mmoja, alama zake zikaanza kushuka, sauti ya mwenzake ikaingia masikioni, "Kaka, hawa tulikuwa nao, twende tena," na kitufe cha rangi ya dhahabu kikatokea katikati: CHEZA TENA. Ndani yake saa ndogo ikawa inahesabu kurudi nyuma kutoka 10.

Aliangalia saa ya ukutani. Alijua mechi haiishi chini ya dakika 25. Alijua zimebaki 14. Hesabu hiyo aliifanya, na aliipata. Saa ya kitufe ilipofika 6, kidole kilikuwa kimeshabonyeza. Mwenyewe alieleza hivi: "Nilijiona nabonyeza."

Saa nne ilipotimia alikuwa katikati ya mechi, na kutoka katikati kuna adhabu: mchezo unakufungia kwa muda, na wenzako wanne wanabaki pungufu. Kwa hiyo saa nne hapakuwa tena na ahadi ya kuvunja. Ilikuwa imeshavunjika saa 3:46, ndani ya sekunde nne, mahali ambapo karatasi haikuwa na neno hata moja.

Yaliyofuata yalijiendesha. Saa sita dada yake aliingia kumwambia apunguze kelele, na kijana akamfokea kwa maneno ambayo hajawahi kumtamkia. Saa saba na kitu, kwa kauli yake, alikuwa hafurahii tena. Macho yanawasha, mgongo unauma, amefungwa mechi tatu mfululizo. Akaendelea kwa saa mbili zaidi.

Upande unaosukuma

Mwaka 1998 watafiti wa London walichapisha jaribio ambalo limetajwa mara nyingi mno tangu hapo. Wanaume 8 walicheza gemu ya kuendesha kifaru huku ubongo wao ukipigwa picha za PET, zinazoonyesha kemikali inavyosambaa ndani ya mwili. Walikuwa wamedungwa kemikali yenye mnururisho hafifu, inayokaa kwenye vipokezi vya dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hupelekeana habari kwayo. Dopamini ya mwili ikimwagika, kemikali hiyo inasukumwa pembeni na mashine inaona. Ikaonekana kwamba wakati wa mchezo dopamini iliongezeka katika striatamu, sehemu ya ndani kabisa ya ubongo inayohusika na malipo na mazoea, na anayecheza vizuri zaidi ndiye aliyeongezekewa zaidi.

Wapo wanaolichukua jaribio hili wakawatisha nalo wazazi: gemu ni kokeini. Sikubaliani nao, na naona wanaharibu. Wale 8 walikuwa watu wazima wasio na tatizo. Dopamini huongezeka tukila, tukisikiliza muziki tuupendao, tukikutana na tuwapendao. Jaribio lilionyesha kwamba gemu inabisha hodi kwenye mlango ule ule, basi. Mzazi aliyeambiwa mwanawe anatumia kokeini huingia chumbani kama askari, na mtoto naye hujifunza kujificha.

Jambo la maana zaidi ni namna dopamini inavyofanya kazi. Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz alipima seli za neva za nyani waliokuwa wakipewa matone ya maji ya matunda. Mwanzoni seli za dopamini ziliwaka tone lilipofika. Nyani alipozoea kwamba taa ikiwaka tone linafuata, seli zikahama: sasa ziliwaka taa ilipowaka, na tone lenyewe likapita kimya. Tone lisipokuja, zikashuka chini ya kawaida. Dopamini, basi, hubeba habari kuliko raha: habari ya tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata, na habari ya ishara kwamba kitu kizuri kiko njiani.

Rudi sasa saa 3:46. Kitufe cha dhahabu ndiyo taa ya nyani. Baada ya maelfu ya mechi, kuonekana kwake tu kunatosha. Na kwa sababu kushinda na kufungwa huja bila mpangilio, ubongo haupati nafasi ya kuzoea na kutulia. Mwanasaikolojia B. F. Skinner alilionyesha hili kwa njiwa zamani: malipo yasiyotabirika hujenga mazoea magumu kung'oka kuliko malipo ya kila mara. Ongeza kufungwa kwa chembe. Luke Clark na wenzake walionyesha mwaka 2009, katika mchezo wa kubahatisha, kwamba kukosa kidogo kuliamsha maeneo ya ubongo yale yale yanayoamka mtu akishinda, na kuliwaongezea wachezaji hamu ya kuendelea ingawa waliona kukosa huko hakupendezi. Kile kijistari chekundu chembamba kilimwambia kijana: karibu.

Na ile saa saba ya usiku, alipokuwa hafurahii? Watafiti Kent Berridge na Terry Robinson wametumia miaka mingi kuonyesha kwamba kutamani na kufurahia ni vitu viwili katika ubongo, na dopamini inahusika hasa na kutamani. Katika uraibu viwili hivi huachana. Tamaa inakua, raha inabaki pale pale au inapungua. Ndiyo maana ni kosa kumwambia mraibu "wewe unaona raha tu." Anaweza kuwa haoni raha yoyote na bado akavutwa. Kijana huyu alipoambiwa jambo hili kwa mara ya kwanza alinyamaza muda mrefu. Alikuwa amejidhania mwehu.

Upande unaozuia

Kuzuia mkono uliokwisha kuanza kwenda ni kazi ya mwili kama kazi nyingine, na ina mashine yake. Nyuma ya paji la uso, upande wa kulia, kuna eneo la gamba la ubongo ambalo likishirikiana na eneo jirani la kupanga mwendo na kiini kidogo kilicho ndani kabisa ya ubongo, chini ya sehemu iitwayo thalamasi, hutuma amri ya simama. Amri hiyo hushindana mbio na amri ya nenda. Tofauti ni sehemu ndogo ya sekunde. Nenda ikitangulia, kidole kimeshabonyeza, na wewe unabaki kujiona ukibonyeza.

Hupimwa hivi: unakaa mbele ya skrini, herufi zinapita harakaharaka, na kwa kila herufi unabonyeza isipokuwa moja, tuseme X. Kubonyeza kunakuwa mazoea, mkono unajiendea, ndipo X inatokea. Wanaohesabiwa makosa ni wale walioiona X na bado wakabonyeza. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti za aina hii uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba waraibu wa gemu, kwa jumla, huzuia vibaya kuliko wasio waraibu. Ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, sehemu yao ya mbele ya ubongo hufanya kazi kwa namna tofauti wanapojaribu kujizuia, na tofauti yenyewe haiendi upande mmoja. Kuna tafiti ambamo eneo la breki linawaka kidogo, na nyingine ambamo linawaka kupita kiasi, kama mtu anayekanyaga breki iliyolegea: anaikanyaga kwa nguvu zaidi apate kile kile.

Breki hiyo hiyo huzidiwa zaidi ishara ya mchezo ikiwapo. Mwaka 2009 Chih-Hung Ko na wenzake wa Taiwan waliwaonyesha waraibu 10 wa World of Warcraft, mchezo wa mtandaoni, na watu 10 wasio waraibu, picha za mchezo huo. Kwa waraibu yaliwaka maeneo ya tamaa pamoja na sehemu za mbele zinazopima thamani na kuamua, na uchu waliousema kwa midomo yao uliendana na mwako huo. Ni maeneo yale yale yanayotajwa katika uchu wa dawa za kulevya. Maana yake sehemu ya mbele, ile tunayoitegemea ituambie "acha," wakati huo inakuwa imeshaajiriwa na upande wa pili, inapanga jinsi ya kupata.

Kuna jambo la tatu, nalo ni thamani ya kesho. Mtihani ulikuwa umbali wa saa kumi. Kwetu sote kitu cha mbali hupungua thamani, ndivyo tulivyoumbwa. Kwa watu wenye uraibu, wa gemu pamoja, thamani hiyo huporomoka kwa kasi zaidi. Saa 3:46 mtihani ulikuwa mdogo kama mtu anayeonekana ng'ambo ya bonde, na kitufe kilikuwa kikubwa kama kiganja mbele ya jicho.

Umri nao haukumsaidia. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo ya mwisho kukomaa, na kazi hiyo huendelea mpaka katikati ya miaka ya ishirini. Upande wa tamaa humaliza mapema. Kijana wa miaka 19 ana injini ya mtu mzima na breki ambayo fundi bado anaifunga.

Halafu usingizi. Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu katika kisa hiki chote, ningechagua usingizi, na nashangaa jinsi familia zinavyouweka mwisho. Mwaka 2007 kundi la watafiti lililomjumuisha Matthew Walker liliwakesha watu kwa takriban saa 35, kisha likawaonyesha picha za kuhuzunisha na kuudhi. Amigdala, sehemu inayotoa hofu na hasira, iliitikia kwa nguvu zaidi kwa asilimia 60 kuliko kwa waliolala, na uhusiano wake na sehemu ya mbele inayoituliza ulikuwa umelegea. Hao walikuwa watu wazima wenye afya, usiku mmoja. Kijana wetu alikuwa anakosa usingizi kwa miezi. Aliyemfokea dada yake saa sita alikuwa na breki mbovu iliyoongezewa uchovu, na kila saa aliyozidi kukesha ilimpunguzia uwezo wa kuamua kuacha kukesha. Ndiyo sababu ahadi za usiku wa manane hazina nguvu: anayetakiwa kuzitimiza ameshachoka kuliko aliyezitoa.

Lakini ndani ya mchezo breki inafanya kazi

Hapa ndipo kisa kilipogeuka, na ndipo hukumu ya ukoo inapoanguka.

Katika mechi ile ile ya tano, kivuli kilitokea ghafla pembeni ya ukuta. Kijana alikuwa ameshaelekeza silaha. Ndani ya sehemu ya sekunde akatambua ni mwenzake, akauzuia mkono. Hufanya hivyo mara nyingi katika mechi moja na hukosea mara chache sana. C. Shawn Green na Daphne Bavelier walionyesha tangu mwaka 2003 kwamba michezo ya mapambano huweza kunoa umakini wa macho. Kwa hiyo ukimwambia mtu huyu "huna uwezo wa kujizuia," unamwambia uongo. Anajizuia kuliko mimi na wewe, mradi mchezo ndio unaomdai ajizuie, na matokeo yanaonekana papo hapo.

Kinachomshinda ni kujizuia kule ambako tuzo ya kuacha ni ya kimya: hakuna mlio, alama hazipandi, hakuna anayesema "safi sana kaka." Anayefunga kompyuta saa 3:46 hapati chochote dakika hiyo isipokuwa chumba chenye ukimya na mawazo ya mtihani aliofeli. Mambo haya mawili hutumia breki, ila mazingira yake hayafanani hata kidogo. Nadhani wengi wanaoshauri vijana huliruka hili, wakabaki kuhubiri utashi kama vile ni maji ya mtungi mmoja: unao au huna.

Nani alitangulia

Je, gemu ndiyo iliyomlegeza breki, au alizaliwa na breki iliyolegea ndipo gemu ikamnasa? Picha za MRI zilizopigwa mara moja haziwezi kujibu, kwa sababu zinaonyesha mtu alivyo leo. Inabidi ufuate watu kwa miaka. Douglas Gentile na wenzake waliwafuata watoto 3,034 wa Singapore kwa miaka miwili na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Watoto wenye pupa zaidi, wasiojua sana kukaa na wenzao, na waliokuwa wakicheza muda mrefu zaidi, ndio waliokuwa katika hatari ya kuingia uraibuni. Walipoingia, huzuni, wasiwasi na kushuka kwa alama za shule vilifuata. Na waliotoka, mambo hayo yalipungua.

Kwa kijana wetu, ripoti za shule ya msingi zilikuwa zinasema neno moja mwaka baada ya mwaka: hatulii. Alikuwa anajibu kabla swali halijaisha, anasahau daftari, anaanza mambo matano hamalizi hata moja. Hakuna aliyewahi kumpima hali ya ADHD, yaani tatizo la kutotulia na kushindwa kukaza fikra, ambayo mara nyingi huambatana na uraibu wa gemu. Kwa hiyo jibu langu kwa kisa hiki ni kwamba alikuja na breki nyepesi, akakuta kitu kilichotengenezwa na watu hodari mahsusi kwa ajili ya kushinda breki, na miaka mitatu ya mazoezi ya kila usiku ikaipitisha tabia ndani zaidi. Mazoea yakichimba mfereji, maji hayasubiri kuambiwa pa kupita.

Kilichojaribiwa

Jaribio la kwanza lilikuwa la mjomba: alikuja akabeba kompyuta. Siku tatu za mwanzo kijana alikuwa kwenye arosto, hakai, halali, anagombana na kila mtu, mikono haina kazi. Siku ya tisa alikuwa amepakua mchezo kama ule kwenye simu, chini ya blanketi. Mjomba hakukosea nia. Breki ya nje husaidia wakati ya ndani ni dhaifu, lakini haikai peke yake. Hata serikali zimelijua hilo kwa shida: Korea Kusini ilipitisha mwaka 2011 sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza mtandaoni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ikaifuta mwanzoni mwa 2022.

Jaribio la pili lilikuwa kumwona mwanasaikolojia, kwa njia ya tiba ya fikra na tabia. Ndiyo tiba yenye ushahidi mzuri zaidi mpaka sasa. Katika jaribio la Ujerumani na Austria lililochapishwa mwaka 2019, wanaume 143 wenye uraibu wa gemu na intaneti waligawanywa kwa bahati nasibu. Kati ya waliopata vikao vya kikundi na vya mmoja mmoja, asilimia 69 walitoka kwenye uraibu, na kati ya waliosubiri bila tiba ni asilimia 24.

Swali la kwanza la mwanasaikolojia halikuwa "utaacha lini?" Aliuliza: "Mechi ikiisha, nini kinatokea, sekunde kwa sekunde?" Ndipo ilipogunduliwa 3:46. Wakaacha kabisa kuzungumzia saa nne. Walizungumza juu ya zile sekunde kumi.

Karatasi ya zamani ilitolewa. Mpya iliandikwa kwa mtindo ambao mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba huongeza uwezekano wa mtu kutimiza nia: ikitokea hivi, nafanya hivi. IKIFIKA SAA TATU, MECHI ILIYOPO NDIYO YA MWISHO. SKRINI IKIGEUKA KIJIVU, NAVUA HEDIFONI NASIMAMA. Hakuna neno "nitajitahidi" ndani yake. Amri ya simama inaandaliwa saa moja jioni, akili ikiwa bado mbichi, ili saa tatu usiku isihitaji kuanza mbio ikiwa imechelewa. Kompyuta ilihamia sebuleni. Simu hulala chumbani kwa dada yake, kwa makubaliano, si kwa kunyang'anywa. Alimwomba mwenyewe, na ndiyo siku walipopatana kwa yale maneno ya saa sita. Wenzake wa timu aliwaambia ukweli, na yule wa "twende tena" akamjibu kwamba yeye pia amefeli.

Usingizi ulirekebishwa kabla ya mambo mengine. Daktari alimpima, akakuta ADHD kweli, akaanza kutibiwa. Na katika vikao ikajitokeza kitu ambacho hakuna aliyekiuliza nyumbani: mchezo ulikuwa mahali pekee alipojiona anaweza. Ukimtoa mtu mahali pekee anapoweza, lazima umfungulie pengine. Alirudi uwanjani, kwanza kama mwamuzi msaidizi wa mechi za watoto.

Miezi minne baadaye hali haikuwa safi. Alikuwa ameteleza mara mbili, mara moja mpaka alfajiri, wiki ya matokeo ya mtihani. Siku hizi hucheza Jumamosi na Jumapili tu. Wapo wataalamu ambao wangemtaka aache moja kwa moja, na kwa baadhi ya watu nadhani wako sahihi. Kwake ilionekana kwamba kujifunza kusimama kunahitaji mahali pa kusimamia.

Jumamosi moja mechi iliisha saa 3:21, wamefungwa kwa chembe. Skrini ikageuka kijivu. Alivua hedifoni lakini hakusimama, miguu ilikataa. Akaweka viganja vyote viwili chini ya mapaja, akavikalia, akakitazama kitufe cha dhahabu kikihesabu. 10, 9, 8. Kilipofika 6 bega la kulia lilitikisika. Mama yake alikuwa kwenye kochi nyuma yake, anakunja nguo, akaacha kukunja. 3, 2, 1. Kitufe kikazimika chenyewe, ukurasa wa mwanzo ukarudi.

"Ni hicho?" mama aliuliza.

"Ndicho hicho, mama."

Akaja akakaa karibu naye, na nguo zake mapajani.